Neno Lililoziba Kisima

Festo, video yako nimeiona. Nimeitazama yote, mpaka pale Afrika inapochanika katikati kama gunia bovu na bahari inaingia kwa kishindo, huku muziki wa kutisha ukipigwa. Nimesikia pia kwamba umewarushia vijana wenzako wote wa Darajani, na kwamba pale kijiweni mnapoegesha bodaboda mmekwisha kata shauri: kisima kipya kisichimbwe, kwa sababu bonde letu liko juu ya ufa, chini ya ufa kuna uji wa moto, na mashine ikitoboa tu tumekwisha. Mkutano wa kitongoji ni Jumamosi. Ndiyo maana nawaandikia leo, wewe na wenzako wote, na naandika nikiwa nimekasirika. Msiniambie bibi apumzike. Nimestaafu kufundisha, sijastaafu kukasirika.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwalimu Otilia. Siku hizi nipo Ifakara mjini, nafuga kuku na kugombana na magoti yangu, lakini miaka ya tisini nilikuwa nafundisha jiografia katika shule moja ya msingi upande ule wa Mkula, na watoto wa Darajani ndio waliojaza madarasa yangu. Baba zenu na mama zenu nimewafundisha kushika kalamu, na wengine nimewafuta kamasi. Habari hii ya uji wa moto na kisima si mara ya kwanza kufika Darajani. Ilishafika. Nilikuwepo, na najua iliondoka na nini.

Mambo yote yalianzia ukutani. Darasani kwangu palikuwa na chati kubwa ya karatasi ngumu, pembeni imeliwa na mende. Ilionyesha dunia imekatwa kama chungwa. Lile ganda la nje, hili tunalolikanyaga, mchoraji aliliandika "ukoko". Chini ya ukoko akapaka rangi nyekundu tupu, akaandika "uji wa moto". Basi. Sehemu kubwa kuliko zote za dunia hii, mtu kaimaliza kwa rangi moja na neno la jikoni.

Siku moja niliigeuza ile chati ikatazama ukuta, nikawaambia darasa la sita wachore walichokumbuka. Hii mbinu nawapa bure nyie mnaosomea ualimu: usimuulize mtoto kama ameelewa, maana atakujibu ndiyo ili akacheze. Mwambie achore. Nikapita kati ya madawati. Mtoto wa kwanza alikuwa amechora moto katikati, ukoko umegusana na moto, juu ya ukoko uji, na juu ya uji watu wamesimama na majembe yao. Nikadhani ni utundu. Nikaenda kwa wa pili, vilevile. Wa tatu naye kaongeza na ng'ombe juu ya uji.

"Nyie, ukoko uko wapi?" nikauliza.

"Chini, Mwalimu!" Darasa zima, kwa furaha kabisa.

Agripina akasimama. Huyu alikuwa binti mwembamba wa Mama Sesilia, mwenye sauti ya mtu aliyezaliwa akibisha. "Samahani, Mwalimu. Ukoko si ule unaoshika kwenye sufuria? Unaunguzwa na moto. Ungekuwa juu usingekuwa ukoko, ungekuwa wali."

Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha kicheko kikaisha, nikaona jambo lenyewe lilivyo baya. Mtoto alikuwa na haki. Huku kwetu kwenye mpunga, ukoko hauhitaji mtu akufafanulie. Watoto wanaugombania kwa kijiko, mama mkwe anapima nao ustadi wa mkamwana. Ukimwambia mtoto wa Kilombero kwamba amesimama juu ya ukoko, umemwambia amesimama mahali panapoungua, na moto uko hapo hapo chini ya nyayo. Aliyeandika neno lile pengine hakuwahi kusugua sufuria maishani mwake.

Nikachukua kalamu ya wino, nikakata "ukoko", nikaandika "ganda". Ganda la yai, ganda la chungwa, kila mtoto anajua liko nje. Haikupita muda mrefu akaja kutukagua bwana mmoja mkubwa wa elimu. Jina lake silitaji, watoto wake wapo na hawana kosa. Sisi walimu tulimwita Bwana Chati, kwa sababu aliamini kwamba shule yenye chati ni shule iliyofaulu. Alisimama mbele ya karatasi ile akiwa ameweka mikono nyuma.

"Mwalimu Otilia, nani amechafua hii?"

"Nimesahihisha, mheshimiwa. Watoto walikuwa wanaelewa kinyume."

"Umesahihisha? Wewe unaisahihisha chati iliyotoka Dar es Salaam?"

Alinisimamia mpaka nikabandika kipande cha karatasi juu ya "ganda" na kuandika upya "ukoko", mbele ya wanafunzi wangu.

Nieleze na huo uji. Aliyenifundisha kufundisha ni Mwalimu Kassian, mkuu wetu wa shule, mtu wa Lupiro. Alikuwa anavuka mto kwa pantoni na baiskeli yake kila mwisho wa wiki kwenda kwake, na kila Jumatatu alirudi na kitu cha kufundishia: ganda la konokono, jiwe lenye mistari, kipande cha mzinga. Jumatatu moja alirudi na mshumaa mrefu wa kanisani umefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Ulikuwa umepinda kama upinde.

"Otilia," akasema, "huu ulilazwa stoo ya kanisa juu ya matofali mawili, bati linaunguza juu, tangu Pasaka. Ushike. Umeyeyuka?"

Nikaushika. Ulikuwa mgumu. Hakuna tone la nta lililodondoka popote.

"Haukuyeyuka," nikasema.

"Lakini umejongea. Ukiugonga utavunjika. Ukiuacha kwenye joto, ukaupa muda, unapinda wenyewe ukiwa mgumu vilevile. Huo ndio uji wa moto wa chati yako."

Festo, soma hapo tena. Tabaka lile kubwa lililo chini ya ganda, hilo video yako inalochora likitokota kama maharage, ni mwamba. Mwamba mgumu. Sehemu chache sana, na kwa sababu maalumu, ndipo mwamba huyeyuka kidogo, na huko ndiko volkano hupata chakula chake. Lakini kwingine kote ni jiwe lenye joto kali, lililobanwa mno, linalojongea polepole kuliko unavyoweza kufikiri. Lililoko chini sana linapata joto, linakuwa jepesi kidogo kuliko lililolizunguka, linapanda. Likifika karibu na juu linapoa, linakuwa zito, linarudi chini. Kwenye sayansi mlifundishwa neno lake, myuko, mkalikariri kwa ajili ya mtihani mkalitupa mlangoni. Myuko ni huo: joto linasafiri kwa kitu chenyewe kusafiri.

Sasa hapa ndipo hata chati nzuri hukosea. Walimu wengi hufundisha kwamba yale mabamba, yaani vipande vikubwa vya juu vya dunia, ni abiria tu. Eti myuko uko chini unazunguka, na mabamba yanachukuliwa kama magugu yanavyochukuliwa na mto Kilombero wakati wa masika. Mwalimu Kassian alikuwa hakubali. Aliingia darasani kwangu na mshumaa wake, akawauliza watoto: kati ya bamba na mwamba wa chini, nani anamvuta mwenzake?

Akangoja. Kungoja nako ni kazi ya mwalimu, na nyie wa siku hizi hamuiwezi, mkiuliza swali mnajijibu wenyewe.

Agripina akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi juzi nilianika kanga ya mama kambani, upande mmoja ukazidi. Ule mrefu ulikuwa na maji mengi. Ukaanza kushuka, ukauvuta na ule mwingine, kanga yote ikaenda mavumbini. Hakuna aliyeisukuma."

"Ikawaje?"

"Nikachapwa."

Darasa likaangua kicheko, lakini Mwalimu Kassian hakucheka. Alimtazama yule mtoto kama mtu aliyeokota kitu. Akasema ndiyo hivyo hasa. Sakafu ya bahari iliyozeeka imepoa, imekuwa nzito, ukingo wake unazama ndani ya mwamba wa chini, na uzito huo unalivuta bamba zima nyuma yake. Na unapozama unausukuma ule mwamba wa chini, nao unapata mahali pengine pa kupandia. Bamba si abiria. Bamba ni ile sehemu ya juu ya mzunguko wenyewe, iliyopoa ikakakamaa. Linaendeshwa, na lenyewe linaendesha.

"Na sisi, Mwalimu?" Agripina akauliza. "Upande wetu mzito wa kanga uko wapi?"

Nimefundisha muda mrefu, na swali kama hilo kwa mtoto wa darasa la sita sikulipata tena. Mwalimu Kassian alikaa juu ya dawati akamjibu kama anavyomjibu mtu mzima. Bamba letu la Afrika halina upande mzito wa maana, akasema, maana sehemu kubwa limezungukwa na bahari zinazotanuka. Kwetu kuna jambo jingine. Chini ya upande huu wa Afrika mwamba wa moto unapanda kutoka mbali sana, taratibu, na unainua nchi. Nchi iliyoinuliwa inavutwa na uzito wake wenyewe kwenda pembeni, inanyooka, inakatika, na vipande vinashuka. Wataalamu bado wanabishana nani anafanya kazi kubwa zaidi, lakini hakuna anayebisha kwamba bonde letu ni kipande kilichoshuka. Akawatoa watoto nje akawaonyesha milima ya Udzungwa ilivyosimama wima kama ukuta. Ule ni ukingo wa ufa. Tope, mchanga na kokoto zilizoshushwa na mito ndizo zilizojaza shimo, na ndimo tunamopanda mpunga. Ufa unaowatisha nyie ndio unaowalisha.

Na mwendo wake? Tazama ukucha wako. Unavyokua ndani ya mwezi, bonde halitanuki hivyo kwa mwaka mzima. Video yako imeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Basi, kisima. Darajani wakati ule hapakuwa na maji safi. Kuna aliyechota kwenye mfereji wa mashamba, kuna aliyefukua mchanga kijitoni, na kijito hichohicho kilinyweshewa mifugo. Watoto wangu walikuwa wanaharisha kama vile ni msimu wa embe. Mama Sesilia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Usifikiri kamati ilikuwa na ofisi. Kamati ilikuwa yeye, na kanga yake, na miguu yake. Alipanda malori ya mpunga kwenda Ifakara kukaa kwenye mabenchi ya wakubwa, akaambiwa njoo kesho, akaja kesho. Mpaka wakaleta mashine ya kuchimba, nadhani ili asionekane tena pale kwenye benchi.

Fundi wao alipanga udongo uliotoka kwenye marundo madogo chini, tope, mchanga, kokoto, na kila rundo alilishika na kulinusa kabla ya kuamua kama waendelee. Watoto wote walitoroka shule kwenda kumwangalia. Sikuwafukuza, nilikwenda nao, lile lilikuwa somo kuliko langu. Maji yalipotoka yalikuwa vuguvugu. Fundi akayaonja, akatema, akaonja tena, akasema ni mazuri, yawekwe tu kwenye mtungi yapoe. Akaeleza kwamba ukishuka ardhini joto linaongezeka, na kwenye kingo za ufa kama hapa maji hupenya nyufani, hushuka mbali, hupata joto, hupanda tena. Hakuna ajabu.

Mama Sesilia alijimwagia ndoo nzima kichwani na nguo zake. "Hata kuni za kuwaogeshea watoto nimepona!" alipiga kelele, na wanawake wakapiga vigelegele.

Siku chache baadaye, mchana, tulikuwa darasani, bati likaanza kulia. Chaki zikabingirika mezani zikaanguka. Lilikuwa tetemeko dogo, halikuangusha hata ukuta wa udongo. Bonde linalonyooshwa hutikisika mara mojamoja, mawe ya ukingoni yanapoteleza kidogo. Lakini watu walikuwa wameshaona maji ya moto, na sasa wameona ardhi inatetemeka, na kila mmoja alikuwa na mtoto aliyesoma kwenye ile chati.

Mkutano ukaitwa uwanja wa mpira. Bwana Chati akaja kwa pikipiki, chati yangu imekunjwa kwapani. Alikuwa amepita shuleni akaing'oa ukutani. Akawapa vijana wawili waishike ikafunguka.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi siwaletei maneno ya kijiweni. Hii ni elimu. Hapa juu ni ukoko. Hapa chini ni uji wa moto. Hawa mafundi wametoboa ukoko. Maji yamepata moto, ardhi imetetemeka. Mnangoja nini zaidi?"

Nikasimama. Nikaeleza mwamba, nikaeleza mshumaa, nikasema fundi hajafika hata sehemu ndogo ya ganda, mashine yake kwa dunia ni kama mbu aliyetua juu ya tembo. Watu walikuwa wananisikiliza. Naapa walikuwa wananisikiliza. Bwana Chati akatabasamu.

"Mwalimu, nyumbani kwako unapika wali?"

"Napika."

"Ukoko wako unakaa wapi?"

Nikajua anakonipeleka. Nikasema hilo neno limekosewa, si ukoko, ni ganda.

"Sikuuliza hivyo. Wali wako, ukoko uko wapi?"

"Chini."

"Karibu na nini?"

Uwanja mzima ulijibu badala yangu. "Moto!" Wakacheka, hata wanawake wa kamati wakacheka, maana nani asiyejua ukoko? Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, akainuka kusema kwamba yeye ametembea sana na mifugo, amekuta chemchemi za moto zaidi ya hii, ng'ombe wamekunywa, yeye mwenyewe amekunywa. "Maji ya moto ni maji, bhabha," akasema. Akaambiwa mgeni akae chini. Mwalimu Kassian hakuwepo, alikuwa Lupiro amelazwa na malaria. Mara nyingi nimefikiri kama angekuwepo ingekuwaje, na sipati jibu, maana hata yeye angeulizwa kuhusu wali.

Wakaondoa pampu. Wakaweka kipande cha bati mdomoni mwa bomba, juu yake saruji na mawe. Mama Sesilia alisimama pale na ndoo yake tangu walipoanza mpaka wakamaliza. Agripina alikuwa amemshika kanga kwa nyuma. Yule mtoto akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakukuuliza swali la kanga?"

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Kijito kikaingia kwenye vyoo, vyoo vikaingia kijitoni, na watu wakachota. Mlipuko wa kuharisha ulianza upande wa mfereji ukashuka nyumba hadi nyumba. Agripina alikuja shule asubuhi akarudishwa akiwa hawezi kusimama. Mama yake alimfunga kwenye baiskeli kwa kanga, Mzee Masanja akaisukuma, wakashika njia ya Ifakara. Barabara ilikuwa tope hadi magotini, na hakuna gari lililopita. Hawakufika. Alifia njiani, kanga ile ikiwa imemfunga bado.

Wakati wa msiba, Bwana Chati alikuja. Nitasema haki yake, alikuja, na suruali yake iliingia tope kama za wengine. Akapewa nafasi ya kusema. Akasema kumpoteza mtoto ni uchungu, lakini ni mapenzi ya Mungu.

Nikasimama. "Mungu hakuziba kile kisima," nikasema.

Katekista akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mwalimu, hapa ni msibani." Nikamwambia najua ni wapi. Nikasema tena kwa sauti, ili na waliosimama barabarani wasikie. Yuko aliyesema nimekosa adabu. Nilikosa. Mpaka leo sijaitafuta.

Matanga yalipoanuliwa, Mama Sesilia alikuja kwangu mchana wa jua kali na mtaimbo begani. Hakuniuliza kama nitakwenda. Nikachukua nyundo. Njiani wanawake wengine walitoka milangoni wakatufuata, wale wale waliocheka uwanjani, na hakuna aliyetaja kicheko kile. Alipiga saruji mpaka mikono ikatoka damu, mwingine akashika mtaimbo, kisha mwingine. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja mbio, akatutazama, akarudi alikotoka. Walipong'oa bati, Mama Sesilia akafunga kopo kwenye kamba akashusha, akavuta, akanywa wa kwanza. Akasimama na lile kopo mkononi.

"Ni maji," akasema. "Mwalimu, ni maji tu."

Sijawahi kusikia neno lililonichoma kama hilo "tu".

Fundi alirudi kufunga pampu. Mwalimu Kassian aliandika barua nyingi kulalamikia neno lile, na vitabu vipya vilipokuja miaka ya baadaye viliandika "ganda", sijui kama ni kwa barua zake. Bwana Chati alipandishwa cheo. Ndiyo, alipandishwa. Mnataka niwadanganye?

Sasa nyie. Kisima kile kimezeeka, pampu inakohoa, watu wameongezeka, ndiyo maana mnaletewa kingine. Na nyie mna simu zenye elimu yote ya dunia, mnaweza kumuuliza mtaalamu aliye popote, lakini mnachagua rangi nyekundu ileile na uji uleule, sasa umewekewa muziki. Agripina alikuwa na chati mbovu moja na kamba ya kuanikia, akauliza swali lililomkalisha Mwalimu Kassian juu ya dawati. Nyie mmeuliza nini? Mmebonyeza tu, mkarusha.

Festo, bibi yako Sesilia hajakuambia haya, najua, maana hata mimi hataki tuyaseme. Ulikulia kwenye maji yale. Uliogeshwa nayo yakiwa vuguvugu, leo unaoshea pikipiki. Na wewe na ndugu zako huwa mnamcheka bibi kwa ile tabia yake ya kanga. Mtu mwingine akianika, yeye anatoka nyumbani na mkongojo wake, anafika kambani, anaishika ile kanga, anasawazisha ncha mbili mpaka zilingane, anaipapasa, ndipo anarudi ndani. Umenisimulia mwenyewe ukicheka, ukasema ni uzee. Shangazi yako alichapwa kwa kanga iliyoteleza. Aliyemchapa ni bibi yako.

Jumamosi asubuhi uje unichukue kwa bodaboda yako, magoti hayataniruhusu kutembea. Bibi yako atakuwepo, nimeshaongea naye, atakaa mbele. Ukitaka kusimama useme kisima kisichimbwe, simama, ni haki yako. Lakini hutaniambia mimi. Utamgeukia yeye, umwamkie shikamoo, umtazame usoni, halafu umweleze kuhusu uji wa moto.